Staa alitaka kipya, babu akagoma: kibendera cha Mwigobero kilivyonitia adabu

Wadau, kabla hamjaanza kuuliza "ni nani huyo", niseme mapema: majina yote kapuni. Staa simtaji, meneja wake simtaji, na babu mwenyewe simtaji kwa sababu aliniomba nisimtaje. Ukimjua, kaa naye moyoni. Leo sikuja na umbea. Nimekuja kuungama.

Mimi ni msafisha raba. Kibanda changu kipo Mwigobero hapa Musoma, karibu na njia ya kushukia mwaloni. Asubuhi nafungua nikiwasikia wapiga debe wa boti za Kinesi wakiita abiria, mchana ni harufu ya dagaa, jioni wadudu wa ziwani wanapanda kama wingu la moshi na kuganda kwenye kila kitu cheupe. Kwa hiyo kazi ipo. Raba nyeupe Musoma hazikai wiki. Nasafisha raba, jezi, kofia, halafu naposti picha mbili: kabla na baada. Watu wanapenda sana ile "baada".

Tatizo langu lilianza nyumbani, kwa mshua.

Mshua ni Simba damu. Mwaka 1993 alisafiri kutoka Musoma mpaka Dar kwenda kuangalia fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella Abidjan. Kule Abidjan walitoka 0-0, kwa hiyo nchi nzima iliamini kombe limeshafika. Aliporudi hakuja na kombe. Alikuja na kibendera cha pembetatu, chekundu, chenye herufi nyeupe, ambacho fundi mmoja alikuwa amekikata kwenye blanketi zito la sufu na kuuza nje ya uwanja. Simba ilifungwa 2-0 nyumbani, na kibendera kikaishia ukutani sebuleni kwetu kwa miaka zaidi ya 20, kikila vumbi na moshi wa jiko la mkaa.

Nilipoanza biashara nikajisemea, ngoja nimpe mshua sapraizi. Nikachemsha maji. Nikatia sabuni ya unga. Nikaona ile nyeupe bado ina umanjano, nikaongeza jiki. Nikasugua kwa brashi ya raba. Aisee.

Kilitoka kimekunjamana, kimepungua ukubwa kama sambusa iliyokaangwa ikazidi. Wekundu ulikuwa umeingia kwenye herufi nyeupe, na pale jiki ilipokolea, kitambaa kilikuwa kimelainika kama karatasi iliyolowa. Simba ya pinki. Jirani yetu wa Yanga alikuja kuomba chumvi, akakiona kwenye kamba, akacheka mpaka akasahau chumvi.

Mshua hakunigombeza. Alikichukua, akakikunja, akakiweka kwenye sanduku la nguo za marehemu bibi. Akasema tu, "Haya, umejaribu." Nadhani mnajua neno hilo linavyouma likitoka kwa baba.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kusoma kuhusu sufu. Video, makala za watu wa makumbusho, kila kitu. Marekani, vibendera vya pembetatu vya felti vilishika kasi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, vyuoni na kwenye besiboli, na kuna watu maisha yao yote ni kuvitafuta na kuviponya vile vya zamani. Kwenye soka makapteni hubadilishana vibendera kabla ya mpira kuanza, ila vingi ni vya satini yenye nyuzi za dhahabu pembeni. Vya sufu ni wachache waliobaki navyo, na vina masharti yake.

Nikueleze kwa lugha ya mwaloni. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo, kama samaki. Ukiupa joto, maji na msuguano kwa pamoja, magamba yanashikana na hayaachiani tena. Felti yenyewe hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mimi nilipochemsha na kusugua, sikuwa nasafisha, nilikuwa naendelea kukitengeneza upya bila kujua. Na jiki? Ni nzuri kwa shuka nyeupe za pamba. Lakini sufu ni jamii ya nywele, na klorini inaila. Kosa halikuwa la jiki, lilikuwa langu.

Sasa tuje kwa babu.

Mwaka jana dogo mmoja wa bodaboda alinisimamia kibandani na mfuko wa rambo. Akasema babu yake alikuwa mchezaji hapa Musoma enzi hizo, siku hizi anashona nyavu, na kuna "bendera yake" imeoza, je, naweza kuiokoa? Nikafungua mfuko. Harufu ya unyevu ikanipiga. Ndani kulikuwa na kibendera cha felti, rangi ya zambarau iliyokolea, herufi nyeupe za felti zilizoshonwa kwa mkono, mbili zinaning'inia. Nondo walikuwa wamekula matundu kama saba. Nyuma kilikuwa na bitana ya pamba, na imejaa weusi.

Nikapiga picha. Nikaposti palepale: "Kabla. Subirini baada." Sikumuuliza dogo, sikumuuliza babu. Hapo ndipo kosa la kwanza.

Usiku ule ule nikapata meseji. Staa mmoja wa hapa nchini, jina kapuni, anafuatilia kurasa za vitu vya zamani. Si yeye aliyeandika, ni meneja wake. Alikuwa anajenga sebule ya "vintage" kwa ajili ya video, na kibendera cha timu ya mkoani enzi zile kingekaa vizuri nyuma ya kochi. Ofa: laki tano kwa mwenye nacho, laki na nusu kwangu. Sharti ni moja tu. Kiwe kama kipya. "Hakikisha hakuna madoa wala maandishi maandishi."

Mimi kipindi hicho nilikuwa nadaiwa kodi ya kibanda miezi mitatu. Nikajibu: "Sawa boss." Sikuwa hata nimekigeuza nyuma kuona maandishi gani.

Kesho yake nikaenda kwa babu. Nilimkuta chini ya mwembe, wavu umemfunika magoti, sindano inaenda yenyewe. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akainua uso kunitafuta. Macho yalikuwa na ukungu. Mtoto wa jicho. Anashona kwa vidole.

"Wewe ndiye dobi?"

"Ndiyo babu."

"Utaweza?"

"Nitaweza."

"Basi kifanye kiache kuoza. Sitaki kingine."

Nikamwambia kuna mtu anataka kukinunua. Mjukuu macho yakamtoka aliposikia laki tano, maana pikipiki ilikuwa imekufa injini. Babu akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kisafishe kwanza. Bei tutaiongea kikishapona." Mimi nikaichukua hiyo kama ndiyo.

Nikaanza kazi. Na safari hii, wadau, nilifanya kwa adabu.

Kwanza nondo. Mayai na viwavi wake vinajificha ndani ya sufu, na ukikisafisha vikiwa hai, vitaendelea kula. Dawa isiyo na sumu ni baridi kali. Nikakifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, nikabana hewa yote, nikamwomba mama mmoja anayeuza sangara anisaidie friza. Akakipokea, akakitazama, akaniuliza, "Huyu naye ni samaki gani?" Kikakaa humo wiki mbili chini ya minofu. Kilipotoka nikakiacha ndani ya mfuko mpaka kikarudi kwenye joto la kawaida, ili jasho la baridi ligande nje ya plastiki na siyo kwenye kitambaa.

Pili vumbi. Hakuna maji kwanza. Nikatandika kipande cha chandarua juu ya kibendera, nikapitisha mashine ya kuvuta vumbi ya kuazima kwa nguvu ndogo kabisa, ili ivute vumbi bila kuinua nyuzi. Kisha brashi laini ya nywele za mtoto mchanga, kwa kupapasa, kuelekea upande mmoja. Lilitoka vumbi jekundu, la kijivu, na mabawa ya wadudu wa ziwani yasiyo na idadi. Robo tatu ya uchafu ilitoka bila tone la maji. Hapo nikamkumbuka mshua na sufuria langu la maji ya moto.

Tatu, kujaribu rangi. Nikalowesha kipamba cheupe kwa maji baridi, nikakigandamiza kwenye kona nikahesabu mpaka 60. Kikatoka na zambarau. Maana yake rangi inatoka, na ukikiosha herufi nyeupe zitageuka. Kwa hiyo kuosha hakupo. Doa moja moja nililigusa kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikabaki na unyevu tu, na herufi nikazipitishia ufutio laini mweupe, taratibu.

Nne, matundu. Sikuyaziba ili yapotee. Niliweka kipande cha neti ya shela la bibi harusi juu ya sehemu dhaifu na kushona kwa uzi mwembamba, ili zisizidi kuchanika. Herufi mbili zinazoning'inia nilizirudisha kwa kupitia matundu yale yale ya sindano ya zamani. Makunyanzi sikuyapigia pasi. Nilikilaza kati ya shuka mbili nyeupe, juu nikaweka kioo cha dirisha, siku tano.

Halafu nikakigeuza, kwa ajili ya bitana. Na hapo ndipo kesi ilipo.

Vumbi lilipotoka kwenye bitana, maandishi yakaanza kuonekana. Bluu iliyofifia, wino wa kalamu ya kawaida. Majina. Nikahesabu 19. Mengine ya hapa kwetu Mara, mengine ukiyasikia tu unajua ni ya ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Kila mtu na mwandiko wake. Mmoja alikuwa ameandika jina na namba 7.

"Maandishi maandishi," meneja alisema.

Wino ule hautoki kwa maji, lakini unatoka kwa spiriti. Hilo nalijua, nimeshatoa wino kwenye kofia nyingi. Usiku meneja akanitumia meseji: "Vipi kaka, kinaendelea? Jumamosi tunashuti." Na akatanguliza elfu hamsini kwenye simu. Nikakaa nikakiangalia kile kibendera. Nikajiambia, ni majina tu. Babu mwenyewe haoni. Nani atajua?

Nikachovya pamba kwenye spiriti. Nikagusa herufi ya mwisho ya jina lililokuwa chini kabisa, pembeni.

Ilitoka ndani ya sekunde tano. Safi kabisa. Palikuwa peupe kama hapajawahi kuandikwa.

Sijui niseme nini. Nimetoa madoa maelfu na kila likitoka nafurahi. Hilo lilipotoka, tumbo lilikaza. Nikafunga chupa, nikazima taa, nikarudi nyumbani kwa mguu nikiwa na elfu hamsini ya mtu kwenye simu.

Asubuhi nikaenda kwa babu. Nikamkabidhi kibendera, nikamweleza kila kitu, kuanzia ile picha niliyoposti bila ruhusa mpaka spiriti. Mjukuu alikuwa amesimama hapo hapo. Babu akapitisha vidole juu ya herufi za mbele, akazitambua moja moja, akatabasamu. Kisha akakigeuza.

"Nisomee," akasema.

"Yote?"

"Kwani una haraka?"

Nikaanza kusoma. Kila jina babu alikuwa na la kusema. Huyu alikuwa anapiga kwa mguu wa kushoto tu, wa kulia ulikuwa wa kusimamia. Huyu alioa dada yangu. Huyu amezikwa Butiama. Huyu wa ng'ambo huyu, alikula ugali wetu na dagaa akaomba na wa kesho. Nilipofika kwa yule wa namba 7, akaniambia rudia. Nikarudia. Akaniambia tena.

Ndipo akatusimulia. Ilikuwa mechi ya kirafiki, hapa Musoma, timu ya wageni ikitoka upande wa pili wa mpaka. Wageni ndio walioleta kibendera. Mechi ilipoisha, wakaandika majina kwenye bitana, timu zote mbili, na wakakubaliana marudiano yatachezwa kwao. Namba 7 alikuwa winga, na babu alikuwa beki wake. Alimsumbua dakika 90. Waliagana kwa kuahidiana kwamba kule atamfunga miguu.

"Halafu?" mjukuu akauliza.

"Halafu wakafunga mpaka."

Kama hukuzaliwa, kama mimi: Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Kwa watu wa Dar labda ilikuwa ni habari ya redioni. Huku kwetu kuna koo zilizolala pande zote mbili, Wakurya wa Tarime na Wakurya wa kule, Wajaluo wa Rorya na ndugu zao wa kule. Miaka sita.

"Mpaka ulipofunguliwa," babu akasema, "goti langu lilikuwa limeshafungwa."

Hayakuchezwa marudiano. Nikakumbuka Biashara United yetu, Oktoba 2021, ilivyoifunga Al Ahli Tripoli 2-0 pale Dar, halafu ikashindwa kufika Libya na ikatolewa bila kucheza mechi ya pili. Mtaa mzima hapa tulilia. Nilikuwa najiona najua maana ya marudiano ambayo hayakuchezwa. Kumbe babu anayo yake, ina zaidi ya miaka 40, na ushahidi wake nilikuwa naufuta kwa pamba.

Nikafika jina la mwisho. Nikasoma, sauti ikakwama. "Hili ndilo, babu. Herufi ya mwisho nimeifuta mimi. Nisamehe."

"Nani huyo?"

Nikamtajia.

Akacheka mpaka akakohoa. "Huyo alikuwa kipa wetu. Kufungwa moja ameshazoea."

Mjukuu akacheka. Mimi nilishindwa kucheka, lakini pumzi ilirudi.

Dogo akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo babu, laki tano?" Na mimi simlaumu hata kidogo. Injini ni injini, na nyumbani kuna watoto wawili wanaokula kwa pikipiki ile. Babu akamshika mkono. Akasema injini watatafuta njia. Kisha akanigeukia mimi: "Kamwambie huyo kijana, akitaka kipya, akanunue kipya."

Nikamrudishia meneja elfu hamsini yake, na ya kutolea juu. Nikamwandikia kwa heshima kwamba mwenyewe hauzi. Akasoma. Kimya mpaka leo. Video ilitoka, ni kali, sitaki kudanganya. Nyuma ya kochi kuna kibendera kipya cha kuprinti, kinang'aa. Staa hakukosea kutaka sebule nzuri. Aliyekosea ni mimi niliyesema "sawa boss" kabla sijageuza kitu cha mtu nikaona upande wa pili una nini.

Ile posti ya "kabla" niliifuta. "Baada" sikuiposti. Watu mliokuwa mnaisubiri, ndiyo hii, isomeni.

Kibendera sasa kipo chumbani kwa babu, ukuta usiopigwa na jua, kwa sababu jua linakula rangi kuliko hata nondo. Hakijatobolewa kwa msumari, kimeshonewa kwenye shuka jeupe la pamba na shuka ndilo lililoning'inizwa. Jumapili moja moja napita. Nakifungua nyuma, nasoma majina, naye anasema "yupo" au "katangulia". Waliopo wanazidi kupungua. Wa namba 7 anamruka. Anasema hajui, na kwa kuwa hajui, hawezi kumwandikia kifo.

Injini ya dogo tumeichangia, na mimi nimetoa kidogo nilichokuwa nacho. Kodi ya kibanda bado nadaiwa mwezi mmoja, mwenye fremu akisoma hapa anisamehe.

Na mshua? Wiki iliyofuata nililitoa lile sanduku. Simba ya pinki imelala vile vile. Nimeikagua kwa elimu yangu mpya yote na jibu ni kwamba haiponi. Sufu ikishashikana, imeshikana. Lakini sikuwahi kumuuliza kuhusu siku ile, hata mara moja. Nilisafisha kitu chake bila kujua kimetoka wapi. Nikakaa naye kibarazani, nikamwambia, "Baba, 1993 mlifungwaje?"

Akanitazama kama ananiona mara ya kwanza. Akavuta kiti. Tumelala saa saba usiku.

Nyumbani kwenu kuna kitu gani ukutani ambacho hujawahi kukigeuza nyuma? Shusha komenti. Na tafadhali, weka chini hayo maji ya moto.